Chenjiapu imekataa? Tafuta dalili yako hapa

Hii nimeandika kwa ajili ya pitcha (mtupaji wa besiboli) yeyote hapa Uganda anayejifunza chenjiapu, yaani pichi (mtupo) inayofika polepole kuliko fastiboli, ile ya kasi, na kwa makocha wanaosimama nyuma yake wakimwambia "punguza mkono, punguza mkono", maana hayo maneno ndiyo yanazaa nusu ya matatizo mtakayoyasoma hapa chini. Chenjiapu haipunguzwi kwa mkono. Inapunguzwa kwa mshiko, basi. Mkono unaenda kwa nguvu ileile ya fastiboli, mguu unapanda vilevile, uso hivyohivyo, na bata, yaani mpigaji, anaanza kuzungusha gongo akiamini ni fastiboli halafu mpira unachelewa kufika. Ukishika hilo, dalili nyingi utazitatua mwenyewe.

Nasisitiza kwa sababu hapa kwetu mikono yenye kasi ipo tele. Watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport Marekani mwaka 2012, watoto wa Kampala wakaifunga Dominican Republic mwaka 2015, Dodgers, timu ya MLB (ligi kuu ya Marekani), wakawasaini Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pirates wa ligi hiyohiyo wakamchukua David Matoma ambaye fastiboli yake inatisha kabisa. Sasa kila kijana ukimkuta kwenye viwanja vya Nakirebe au Lugogo anataka kujua anatupa kilomita ngapi kwa saa. Sawa, lakini skauti (mtafuta vipaji) akishaona kasi swali linalofuata ni pichi yako ya pili ni ipi, na kwa mtoto jibu salama zaidi ni chenjiapu, sio kaviboli (pichi inayopinda). Mwongozo wa Pitch Smart wa MLB na USA Baseball, wa kulinda mikono ya mapitcha vijana, unasema wazi kwamba mtoto wa miaka 9 hadi 12 abaki na fastiboli na chenjiapu tu.

Kama kiwiko au bega linauma, usisome dalili zingine. Shuka moja kwa moja hadi sehemu ya maumivu.

Kabla ya yote angalia mpira na mshiko

Mtu analalamika mwezi mzima kumbe shida ni mpira. Mpira halali wa besiboli una gramu 142 hadi 149 na mishono iliyoinuka kidogo, na vidole vyako vinaongea na hiyo mishono. Mipira yetu mingi imeshapigwa mpaka mishono imelala, mingine ililowa kwenye mvua ya Aprili ikakauka ikawa migumu na mizito, na mingine imezungushiwa gundi ya plasta mpaka hakuna mshono kabisa. Kwa kujifunza mwendo wa mkono hiyo ya plasta inafaa, tena itumie sana uache ile mizuri ipumzike, ila usiitumie kuhukumu kama chenjiapu yako inashuka au haishuki. Weka mpira mmoja au miwili yenye mishono hai kwa ajili ya kupima tu.

Mshiko sasa. Mwenye vidole virefu anakutanisha gumba na kidole cha shahada pembeni mwa mpira vinatengeneza duara, kidole cha kati na cha pete vinapanda juu kuvuka mishono, cha mwisho kinashikilia upande wa pili. Ndiyo ya Pedro Martínez hiyo, yule pitcha maarufu wa MLB. Mwenye mkono mdogo, na watoto wengi wa chini ya miaka 13 wako hapa, asilazimishe duara. Aweke vidole vitatu juu, shahada, cha kati na cha pete, gumba chini, kidole kidogo pembeni. Mshiko wowote ule, mpira unaingia ndani zaidi ya mkono kuliko ule wa fastiboli unaokaa kwenye ncha za vidole, lakini haukabwi. Ukiona kucha zimekuwa nyeupe ujue unakaba.

Dalili: bata anaijua kabla haijafika

Hii ndiyo naletewa kuliko zote. Kijana anasema "kocha, wananisubiri tu, wanapiga kama wameambiwa". Na kweli wameambiwa, na wewe mwenyewe.

Sababu inayoongoza ni mkono kupungua. Unajua mpira unatakiwa kuwa wa polepole, kwa hiyo bila kujua mwili wote unakuwa wa polepole, bega linalegea, mguu wa nyuma hausukumi. Namna ya kupima ni rahisi na haitaki hela. Mtu asimame mahali pa bata akiwa na helmeti na bila gongo, wewe tupa fastiboli na chenjiapu ukichanganya, na yeye aseme kwa sauti ni ipi mara tu mguu wako wa mbele unapogusa chini, kabla mpira haujatoka. Akipatia mara nyingi, mkono unakusema. Akibahatisha tu nusu kwa nusu, mkono uko safi, tafuta sababu nyingine.

Dawa yake haiko kwenye maundi (kilima anachotupia pitcha), iko kwenye kurushiana. Kila siku mnapopasha misuli, mkiwa meta 10 au 12, shika mshiko wa chenjiapu na utupe kama unatupa fastiboli, bila kujali inaenda wapi. Mkirudi nyuma hadi meta 25 au 30 endelea na mshiko huohuo, kwa sababu huko mbali ukipunguza mkono mpira haufiki, unaanguka katikati na mwenzako anacheka, basi mwili unajifunza wenyewe kwamba hapa hakuna kupunguza. Hiyo ya kutupa mbali naiamini kuliko maneno yote ya kocha. Ipe wiki kadhaa kabla ya kupanda nayo maundi.

Sababu ya pili ni glavu. Pitcha anaingiza mkono kutafuta lile duara, glavu inafunguka, kiwiko kinacheza, na bata mjanja au kocha wa besi ya tatu (kituo cha tatu cha wakimbiaji) anaona kila kitu. Hapa suluhisho ni moja tu na linafanya kazi: kila pichi anza ukiwa umeshika chenjiapu ndani ya glavu. Kacha (anayedaka nyuma ya bata) akiomba fastiboli unahamisha vidole kwenda fastiboli, jambo ambalo ni jepesi na dogo, kuliko kutoka fastiboli kwenda chenjiapu. Fanya hivyo hata mkiwa mnarushiana.

Kuna pia wale wanaobadilika usoni au wanavuta pumzi ndefu kabla ya chenjiapu tu, au wanachukua muda zaidi juu ya maundi. Simu ya rafiki ikurekodi kutoka upande wa bata, pichi kama kumi na tano hivi, halafu tazama bila sauti. Utajiona.

Na mwisho, inawezekana mkono uko safi ila wewe na kacha mnaiomba wakati uleule kila siku, kila ikifika straiki mbili (ya tatu bata anatoka) inakuja chenjiapu. Timu zetu zinajuana, zinakutana mara nyingi, zinakumbuka.

Dalili: inabaki juu, inaelea, inapigwa mbali

Chenjiapu ya juu ni zawadi kwa bata, hakuna pichi rahisi kupiga kama hiyo.

Anza na kitu cha kwanza: unalenga wapi? Vijana wengi wanaogopa kupoteza straiki kwa hiyo wanaipeleka katikati ya pleti (bamba lililo mbele ya kacha), na mpira ulioshikwa ndani ya mkono ukiulenga katikati unatoka juu. Lenga magoti ya kacha. Kacha ashushe glavu iwe karibu na ardhi, na akubali kwamba mingine itadunda na kazi yake ni kuizuia kwa kifua.

Kama unalenga chini na bado inapanda, tazama mwili. Ukiegemea nyuma wakati mkono unapita, mpira unaachiwa mapema na unaelekea juu. Mara nyingi inatokana na kulekule kuogopa kasi, mtu anajizuia na mwili badala ya mkono. Zoezi ni hili: baada ya kuachia, kifua kiishie juu ya paja la mguu wa mbele na mkono wa kutupia uvuke hadi nje ya goti la upande wa pili. Ukijikuta umesimama wima kama umepigwa picha, hukumaliza.

Halafu chini ya mguu kuna nini? Maundi zetu nyingi ni za marramu (udongo mwekundu wa changarawe), mvua ikinyesha mbili tatu na mapitcha wanne wakitua palepale linachimbika shimo, mguu wa mbele unazama, mwili unabaki nyuma, mpira unapanda. Hii naiona kila msimu wa mvua na watu wanahangaika na mshiko bure. Beba jembe, jaza marramu yenye unyevu kidogo, shindilia hadi mguu usizame, halafu ndio utupe tena uone. Kama tatizo limeisha, usiguse kitu kingine.

Jasho nalo lipo. Mkono ukiteleza mpira unatoka mapema na hauna mzunguko. Jifute kwa taulo kabla ya kupanda maundi, na usipake udongo wala kitu chochote kwenye mpira wenyewe, sheria inakataza na ampaya (mwamuzi) ana haki ya kukuadhibu.

Ukiwa umepita hayo yote na bado, fanya zoezi la kamba. Chimbia vijiti viwili mbele kidogo ya pleti, funga kamba ya kuanikia nguo usawa wa magoti ya bata, kacha akae nyuma yake. Kazi ni kupitisha chini ya kamba, mkono ukiwa na kasi yote. Usihesabu straiki hapo, hesabu zilizopita chini tu. Mwanzo mtadundisha nyingi, sawa kabisa, afadhali mara mia mpira unaodunda kuliko unaoelea.

Dalili: inagota chini mbali kabla ya pleti

Kudunda karibu na pleti si kosa kwa anayeanza, tena bata wengi wanaifukuza. Tatizo ni pale inapogota meta moja au mbili kabla.

Kawaida unakaba mpira. Mshiko ukiwa mgumu mkono unachelewa kuachia na mpira unaenda chini. Shika kiasi kwamba mwenzako akivuta mpira unatoka bila kugombana. La pili, duara ni kubwa kuliko mkono wako, rudi kwenye vidole vitatu, hakuna aibu yoyote hapo. La tatu, unarefusha hatua ukitafuta nguvu, au maundi ni ya mbali kuliko umri wako: Little League ya miaka 12 wanatupa kutoka meta 14.02 na watu wazima meta 18.44, na nimeona watoto wa miaka 11 wanafundishwa chenjiapu kutoka kwenye ile ya wakubwa kwa sababu ndiyo pekee iliyochongwa. Sogeza mtoto mbele, piga mstari kwenye udongo, inatosha.

Dalili: kasi ni ileile ya fastiboli

Kwanza pima ndio uamini, kwa sababu jicho linadanganya. Rada hatuna, lakini simu ipo. Weka video kwenye picha 60 kwa sekunde, rekodi kutoka pembeni ukionekana wewe na kacha, halafu pitisha picha mojamoja ukihesabu kuanzia mpira unapotoka mkononi hadi unapoingia kwenye glavu. Kanuni nyepesi: kwa kila picha 10 za fastiboli, chenjiapu iongezee 1. Yaani fastiboli ikichukua 33, chenjiapu ikiwa 36 au 37 uko vizuri. Hiyo ni kama asilimia 10 ya kasi, na huko kwenye ligi kubwa tofauti inazunguka hapohapo, kilomita 13 hadi 16 kwa saa, wengine zaidi. Ikiongezeka picha moja tu, haijawa chenjiapu bado, ni fastiboli mbaya.

Sababu kubwa ni kwamba mpira bado uko kwenye ncha za vidole. Usukume ndani, kidogo tu. Ya pili ni kidole cha shahada kinafanya kazi ya fastiboli, na hapa kuna zoezi zuri: mkirushiana meta 10, kiinue kabisa kisiguse mpira, tupa kwa kidole cha kati na cha pete. Utaona unatetereka siku za kwanza, halafu vile vidole viwili vinaamka. Ya tatu ni kifundo, unakipiga kwa nguvu mwishoni kama kwenye fastiboli. Kiache kiende na mkono, kiganja kigeukie nje na gumba liishie likitazama chini. Huo mgeuko mkono unaufanya wenyewe hata kwenye fastiboli, wewe usiuzuie na wala usiulazimishe kwa kukunja kiwiko.

Kuna makocha wanafundisha kuburuza mguu wa nyuma ili kupunguza kasi. Mimi siipendi, bata anaona mguu na wewe unajifunza mwili wa pili usio na faida.

Dalili: inakimbilia upande

Pitcha wa mkono wa kulia, chenjiapu yake kuingia kidogo upande wa bata wa kulia na kushuka, hiyo ni tabia yake nzuri, iache. Ikifika hatua ya kuwagonga watu mbavuni, shida ni kifua kufunguka mapema, mkono unaachwa nyuma. Bega la mbele libaki limeelekea kwa kacha hadi mguu utue.

Ikikimbia upande wa pili, upande wa glavu, hapo simama uangalie vizuri maana unaikata. Unageuza kifundo kama kaviboli. Naikuta sana kwa vijana waliotoka kwenye kriketi, na tunao wengi, hasa tangu Cricket Cranes, timu yetu ya taifa ya kriketi, wacheze Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Kule walifundishwa kupunguza kasi kwa kukata mpira pembeni kwa vidole, ujuzi mzuri kabisa kwa mchezo wake, ila huku kwenye chenjiapu unageuza mpira njia isiyotakiwa na kiwiko kinalipa. Rudi meta 10, piga goti moja chini, tupa polepole ukitazama gumba tu liishie wapi. Likiishia juu, unakata. Usirudi kwenye maundi mpaka liishie chini bila kulifikiria.

Dalili: bulpeni (pa kupashia mkono) iko sawa, mechi inakataa

Angalia kwanza kama umeitupa kabisa. Kacha wengi wetu wanaogopa mpira kudunda na mtu akiwa besi ya tatu, kwa hiyo hawaiombi, halafu wanaiomba mara moja katika inningi (zamu) ya tano, wewe mkono umeshaisahau. Kaeni na kacha kabla ya mechi mkubaliane itaanza inningi ya kwanza, hata mbili tu.

Sababu ya pili ni ya kichwa zaidi ya mkono, na ningependa vijana waielewe: unamtupia nani? Bata dhaifu anayechelewa kwenye fastiboli yako, ukimpa chenjiapu umemletea mpira kwenye kasi ya gongo lake. Huyo mmalize na fastiboli. Chenjiapu ni ya yule anayewahi, anayepiga faulo (nje ya mstari) upande wa kuvuta, ule aliosimama, anayeanza kuzungusha gongo mguu wako ukiwa bado hewani. Kwa hiyo kabla ya kulaumu pichi, uliza waliopiga walikuwa akina nani na pichi iliyotangulia ilikuwa ipi. Chenjiapu bila fastiboli nzuri mbele yake haidanganyi mtu. Trevor Hoffman, pitcha wa MLB, aliumia bega miaka ya tisini, kasi yake ikashuka, akaijenga chenjiapu mpaka akamaliza na sevu 601 (mechi alizozifunga akilinda ushindi), lakini hata yeye aliendelea kutumia fastiboli kuitengenezea njia.

Ya tatu ni uchovu, na hapa mechi zetu zina mambo yake. Timu imepanda taksi saa kumi na moja asubuhi, imekula chapati moja, inacheza mechi mbili siku moja. Inningi ya nne miguu imeisha, na miguu ikiisha chenjiapu ndiyo ya kwanza kupanda juu. Hapo hakuna zoezi, hapo ni kumtoa pitcha.

Dalili: inauma

Hapa si mahali pa kujaribu.

Chenjiapu yenyewe ikitupwa sawa inaubebesha mkono mzigo mdogo kuliko fastiboli, kwa hiyo ikikuuma, ama unaikata kama kaviboli ama mkono ulikuwa umechoka tangu awali. Misuli kuwa mizito kesho yake, nyuma ya bega na mapajani, ni kawaida na inaisha kwa siku moja mbili. Lakini acha kutupa siku hiyohiyo, na usirudi mpaka umeonwa na mtu aliyesomea, ukipata lolote kati ya haya: maumivu upande wa ndani wa kiwiko, kiwiko kisichonyooka kabisa asubuhi, ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, mlio wa kitu kukatika wakati wa kutupa, uvimbe, bega linalouma hata ukiwa umelala, au kasi na kulenga kushuka ghafla bila sababu.

Kwa mtoto ambaye mifupa bado inakua hii ni muhimu mara mbili, kwa sababu mwisho wa mfupa pale kiwikoni na begani bado ni laini na unaweza kuvutwa ukaachia. Mtoto anaweza kusema "inauma kidogo tu kocha" kwa sababu anataka kucheza. Mwamini anaposema inauma, usiamini hiyo "kidogo". Anahitaji daktari wa mifupa na eksirei, hospitali ya Mulago wapo, hospitali ya CoRSU pale Kisubi wapo. Mkono usivutwe wala kukandwa kwa nguvu na mtu wa mtaani, na usimeze diklofenaki ili umalize mechi, ile dawa inaficha onyo na kuacha jeraha likiendelea.

Kinga ni hesabu. Little League wanaweka kikomo cha pichi kwa siku: miaka 9 na 10 ni 75, miaka 11 na 12 ni 85, miaka 13 hadi 16 ni 95. Na kwa wa miaka 14 kushuka kuna kupumzika: ukitupa pichi 21 hadi 35 unapumzika siku moja, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, 66 na zaidi siku nne. Chenjiapu inahesabiwa sawa na fastiboli. Mtu mmoja akae na daftari, mzazi au mchezaji wa akiba, alama moja kila pichi.

Halafu kuna kazi ambayo daftari haliioni. Kijana amelima asubuhi, amechota maji jerikeni mbili za lita 20 akipanda mlima, halafu saa tisa anapanda maundi. Kocha, muulize amefanya nini leo kabla hujampa mpira. Jibu hilo lina uzito kuliko idadi ya pichi za juzi.

Dalili: tangu nianze chenjiapu, fastiboli yangu imepotea

Wazazi wanakuja na hii wakiwa na hofu. Mara nyingi kijana anatupa chenjiapu nyingi kupita kiasi kwa sababu ni kitu kipya na kitamu. Punguza: katika kila pichi kumi za mazoezi, mbili au tatu ziwe chenjiapu, zilizobaki fastiboli, na umalize mazoezi kwa fastiboli kila mara.

Ikiwa hata hivyo fastiboli haina kasi, pengine ule mkono wa kupunguza umehamia huko, yaani mwili umejifunza upole na sasa hauchagui. Acha chenjiapu kabisa wiki mbili. Tupeni mbali, fastiboli tu, kwa siku zisizofuatana, mpaka mpira ufike kwa mstari ulionyooka bila kupindishwa juu. Kisha anza upya pale kwenye meta 10. Na kama fastiboli imepotea pamoja na maumivu yoyote yale, hata madogo, hiyo sio ya mazoezi tena, panda juu kwenye sehemu ya maumivu na ufanye ilivyoandikwa.